Mkono wa Kulia wa Mama: Safari ya Kutafuta Seli Shina Kisesa

Nilimwahidi mama yangu kwamba Krismasi ikifika atawapa wageni kahawa kwa mkono wake wa kulia. Kwetu Muleba mgeni hupokewa kwa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizokaushwa, katika kikapu kidogo, na mwenye nyumba haitoi kwa mkono wa kushoto. Tangu apate kiharusi na kupooza upande wa kulia, Mama alijifungia chumbani kila aliposikia hodi. Mimi, mhitimu wa baiolojia, nilisoma kwenye simu tangazo la kituo kimoja cha Kisesa, ng'ambo ya ziwa, kinachochoma sindano za seli shina, yaani seli changa zenye uwezo wa kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Tangazo lilisema zinaamsha viungo vilivyolala. Niliahidi papo hapo.

Alfajiri tulipanda basi. Mama alikifunga kile kikapu ndani ya kanga na kukipakata njia nzima.

"Nikipona, wa kwanza kumpa ni daktari wa huko," alisema, taratibu, kama asemavyo siku hizi.

Mchana, Busisi. Zamani hapa abiria tulishuka na kutembea hadi kwenye kivuko. Mama aliliogopa sana hilo, kutembea mbele za watu. Basi lilipoingia kwenye daraja jipya, aliyatazama maji ya ziwa chini yetu.

"Hatushuki?"

"Hatushuki, Mama."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka katika safari ile.

Jioni, Buzuruga. Mama mdogo Leontia alitupokea kwa ndizi na sato.

"Dada, umekuja na profesa wako? Tule haraka basi, akianza kuhutubia chakula kitapoa." Kisha akanigeukia. "Baba, wewe umeshamwona aliyepona?"

"Nimeona video zao, Mama mdogo."

"Hata mimi nimeona video za watu wanaoruka angani," akajibu, akamwongezea Mama mchuzi.

Asubuhi, Kisesa. Kituo kilikuwa nyumba ya kupanga kando ya barabara, safi, yenye viti vipya. Kijana aliyevaa koti jeupe alimwamkia Mama kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwezi ujao utakuja hapa mwenyewe kwa miguu, unidai soda."

Mama akakigusa kikapu. Nami nikauliza seli hizo zinatoka wapi.

"Nje, kaka."

"Nje wapi? Kwa nani?"

"Nje ya nchi. Ni seli za kisasa."

"Akipata homa baada ya sindano, atafuatiliwa na nani?"

"Hawapati homa, kaka. Wanapata nguvu." Akainama kwa Mama. "Ila leo uache dawa za presha za hospitali. Zinaua seli."

Hapo nilisimama. Dawa hizo ndizo zilizokuwa zikimkinga na kiharusi cha pili. Nilimwomba Mama tuondoke kwanza.

"Tumefika, halafu tuondoke?" aliuliza. "Mwache achome. Nimechoka kuwa mgeni nyumbani kwangu."

Nilimnyanyua. Hakunisaidia kumnyanyua.

Mchana, Nyamagana. Katika hospitali moja tulimsubiri daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alimkunja Mama vidole kimoja kimoja kabla ya kusema lolote.

"Tiba hii inachunguzwa duniani," alieleza. "Katika baadhi ya tafiti, wagonjwa waliofuatiliwa kwa karibu hawakuonekana kupata madhara makubwa. Lakini kutodhuru siyo kuponya, na madhara ya miaka mingi mbele hatujayajua vizuri. Sindano inayouzwa tu mitaani, bila usimamizi, inaweza kuleta maambukizi, damu kuganda, hata uvimbe."

"Mkono wangu utarudi?" Mama aliuliza.

"Mama yangu, sitakuahidi. Mazoezi kila siku, na dawa za presha usiache. Utarudi kiasi gani, sijui."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo. Mimi niliyempenda kuliko wote nilikuwa nimemwambia kinyume chake.

Siku iliyofuata tulirudi. Darajani Mama hakutazama nje. Kanga ilikuwa bado imefungwa kama alivyoifunga Muleba.

Krismasi imepita. Kila asubuhi Mama hukaa nyuma ya nyumba, mkono wa kushoto ukiunyanyua wa kulia, mpaka jasho limtoke. Akisikia hatua huacha. Siku ya sikukuu majirani walipopiga hodi, Mama hakujificha. Alikaa sebuleni, akakisogeza kikapu kwangu kwa kiwiko.

"Wape wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeahidi."

Niliwapa. Sijutii kuikataa sindano ile, na ningeikataa tena leo. Ninajutia kumpeleka mama yangu Kisesa akiwa ameshapona moyoni, kisha kumrudisha akiwa mgonjwa upya.

Ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa wa kiharusi nyumbani, nakuomba jambo moja: kabla ya kumtajia seli shina, nenda wewe kwanza kwa daktari wake, peke yako, ukaulize.