Palepale Inapotokea

Mtaani tulimwita Sentimita, naye hakuchukia. Alikuwa fundi mitambo wa redio kwa miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu alirudi nyumbani na vitu viwili: saa ya ukutani aliyoagwa nayo, ambayo haikuwahi kwenda, na wazo.

Wazo lilikuwa spika za kumwaga sauti pande zote. Alizitengeneza mwenyewe kwa mabomba mawili ya maji taka, marefu ya kumfika kifuani. Spika imelala juu ikitazama dari, na juu yake koni ya mbao ya kuitawanya sauti chumba kizima. Spika za kawaida hukukodolea macho kama askari, alieleza. Hizi hazimtazami mtu. Kwa hiyo kila kilichomo chumbani kina neno lake: ukuta, kabati, hata pazia. Ukizibana ukutani, sauti inakuwa uji. Ukizileta mbele vya kutosha, muziki unasimama wima kati ya spika mbili, mahali pasipo na kitu, na kila mwimbaji anapata pa kuweka miguu.

Mwimbaji aliyemtaka alikuwa mmoja tu. Ujanani mkewe aliongoza kwaya ya kiwanda cha nguo, na Sentimita, wakati huo mbeba nyaya, ndiye aliyeirekodi kwenye kanda kwa maikrofoni mbili. Akamwoa, watoto wakaja, kwaya ikawa habari ya zamani. Sasa alitaka amsikie tena, akiwa amesimama, si kueleaelea.

Ilimchukua miaka minne. Spika zilikaa sentimita mia moja na kumi na mbili kutoka ukutani, yaani katikati ya sebule, na mlango ukawa unafunguka nusu. Wageni tuliingia kiubavu. Utepe mwekundu sakafuni ulionyesha mahali pa spika. Mwingine, miguu ya kiti chake. Mkewe alipiga deki akiuzunguka huo utepe kama mtu anayezunguka kaburi.

"Baba watoto," alikuwa akiita kutoka jikoni, "chakula kinapoa."

"Nyamaza kidogo, mama. Nakusikiliza."

Wala hakuwa akitania. Mashoga wa mkewe waliposimuliwa walicheka hadi wakashika mbavu. Mkewe, aliyesimulia, hakucheka.

Jumapili moja mchana, kanda ilipofika kwenye ubeti wake, mama yule alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama kati ya spika mbili, akaimba. Sauti ilikuwa imeshuka na kukwaruza kidogo, lakini ubeti aliukumbuka wote. Sisi wa upande wa pili wa ukuta tulizima televisheni.

Sentimita alisubiri amalize mstari.

"Sogea kidogo, mama," akasema. "Umesimama palepale inapotokea."

Akasogea. Jumatano akasogea zaidi, kwa pikapu, hadi kwa dada yake. Kochi, zulia, kabati la vyombo na mapazia alikuwa amevinunua kwa jasho la cherehani yake, akaondoka navyo vyote. Sentimita alisaidia kubeba, huku akiwaonya wapagazi wasikanyage utepe.

Chumba kitupu, alituambia, ndicho alichokuwa akikiombea siku zote. Akawasha. Mkewe akaimba kutoka kila ukuta, kutoka darini, kutoka dirishani, kama mtu aliyefungiwa bafuni. Wiki nzima alisogeza na kupima, akapima na kusogeza. Mke hakusimama popote.

Ndipo alipokwenda kwa shemeji yake. Mkewe alifungua mlango mwenyewe. Dada mtu anasema begi lake la nguo lilikuwa bado halijafunguliwa.

"Karibu. Nilijua utakuja."

"Mama watoto, nyumba haikaliki." Alikuwa ameshika kofia mkononi. "Haikaliki kabisa, bila..."

Mke akangoja.

"Bila mapazia. Na zulia, kama halitumiki."

Mkewe alimkunjia mwenyewe, pembe kwa pembe, akamfungia kwa kamba.

"Na kochi?" akamuuliza.

"Kochi baadaye."

Begi, anasema dada, lilifunguliwa siku hiyo hiyo.

Sauti imerudi. Nimeingia kuisikia, kiubavu kama kawaida: imesimama imara pale katikati, karibu uione shingo ya binti yule wa kwaya ikivuta pumzi. Sentimita ameketi mbele yake, kiti juu ya utepe, na chakula, kama kipo, kinapoa bila wa kusema.