Maji ya Kanjo

Nilikuwa karibu kuingia sekondari ya bweni mama aliponipeleka Nairobi kwa baba, anitemee mate. Kwetu Mutomo mtoto haendi mbali kabla mzazi hajamtemea mate kifuani; hiyo ndiyo baraka. Mama aliitaka ya baba, na kwa wiki nzima hakuwa na wimbo mwingine.

Baba alifagia barabara za kanjo, yaani baraza la jiji, na kanjo ilimpa kwata: chumba kimoja katika zile safu ndefu za mawe walizojenga wakoloni kwa wanaume wa kuishi peke yao. Choo kimoja watu wote, mfereji mmoja wa maji uani, kuta nyeusi kwa moshi wa mafuta ya taa. Na mimi nilivyojigamba shuleni kwamba baba anakaa nyumba ya mawe! Niliona aibu mpaka nikakasirika.

Baba mwenyewe alikuwa amekonda, shati linamning'inia, anakohoa akiangalia ukutani. Hata mkono wa salamu hakutupa. Mama alinifungua vifungo vya juu vya blauzi.

"Haya, mbariki mtoto."

Baba alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha. "Hapana."

"Hapana? Damu yako mwenyewe? Ni mwanamke gani amekushika hapa?" Mama alipandisha sauti, safu nzima ikasikia.

Baba alitoka. Akarudi na kikombe cha maji, akanyoosha mkono kutoka mbali, akaninyunyizia kifuani.

"Enda usome," aliniambia.

"Woi! Maji ya kanjo!" mama alifoka. "Mtoto wangu anabarikiwa na maji ya kanjo!" Tuliondoka saa hiyohiyo, hakuna aliyemuaga.

Kabla muhula haujaisha, nilitolewa shuleni nikamzike baba. Jirani yake wa kwata ndiye aliyesindikiza jeneza, naye akadhani tunajua.

"Kifua kikuu kilimmaliza," alisema. "Siku ile mlipokuja alikimbilia kwangu kuazima kikombe. Chake alikuwa hataki kiguse mtu."

Mama alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Hakupiga nduru kama wanawake wengine. Asubuhi ya kurudi shule aliniita jikoni, akanifungua vifungo vya yunifomu, akanitemea mate kifuani. Nikaanza kufunga. Akanishika mkono, akatema tena.

"Hii ni ya babako," alisema.