Kuku Wangu na Bibi Afya

Jamani, leo kuku wangu mwenyewe ameniumbua.

Bibi Afya amepita nyumbani kutufundisha tuwape watoto mayai, tusiyauze yote sokoni Dongobesh. Nikamsikiliza vizuri tu. Halafu akauliza, "Mama, una kuku wangapi?"

Nikashtuka. Mbuzi wangu nao walianza kwa kuhesabiwa tu, sasa ni wa kijiji cha ujamaa.

"Sina hata mmoja."

Hapo hapo tetea akatoka chini ya kitanda, anatangaza yai lake.

"Na huyu?"

"Wa jirani."

"Basi tumrudishie."

Mama Safari, huyo jirani, amepokea kuku na yai kwa mikono miwili. "Asante, dada." Bila aibu.

Sasa hivi harufu ya yai inatoka kwake, na mwanangu anauliza kuku wetu yuko wapi.

Niambieni ukweli, hawa wawili hawakupanga?