Mstari Mweupe wa Bi Mwatum

Wanawake wa mtaa wetu wa Ngamiani wa rika langu wanaojua baiskeli, karibu wote walifundishwa na Bi Mwatum, mkunga, tuliyemwita Somo. Na karibu wote walifundishwa vibaya. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana na mimi Rahila nimo.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, petroli ndiyo usiseme. Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku, na lami ya kwenda Nguvumali ikawa yetu. Somo alitangulia na baiskeli yake nyeusi aina ya Swala, sisi nyuma, mabuibui tumeyafunga kiunoni yasiingie kwenye mnyororo. Mbinu yake ilikuwa moja tu. Alikuweka juu ya mstari mweupe wa katikati, akashika kiti, akapiga kelele: "Usitazame tairi! Tazama mstari!" Ukiufuata huyumbi. Siku unageuka ukakuta ameshakuachia zamani, unacheka peke yako katikati ya barabara. Jamani, raha ile! Sijaipata tena hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Kisha mambo yakafunguliwa. Sukari ikajaa madukani, magari ya mtumba yakajaa barabarani. Sisi tukaendelea na mstari wetu, kwani ndiyo baiskeli tuliyoijua. Rafiki yangu Saleha, hodari kuliko sote, aligongwa juu ya mstari huo akienda sokoni, mchana kweupe. Alipona, lakini mguu wake wa kulia haukunyooka tena, na baiskeli akaiegemeza ukutani.

Somo hakula siku mbili. "Wamebaki wangapi huko katikati?" aliniuliza. Tukahesabu: arobaini. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia waache mstari. Walimwitikia kwa heshima, kesho yake wakarudi mstarini. Nami nilikuwa mmoja wao, naona haya kusema.

Mwaka uliofuata ikaja wiki ya usalama barabarani. Gari la polisi lilizunguka na kipaza sauti: "Waendesha baiskeli, piteni kushoto!" Hakuna aliyeinua kichwa. Matangazo tulikuwa tumeyasikia mengi. Somo akalisimamisha gari sokoni.

"Shikamoo, mama," alisema Afande Mathew, aliyeshika kipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipe hicho."

"Mama, hiki cha serikali."

"Na mkeo kamzalisha nani?"

Afande akampa, naye akapanda garini.

"Rahila binti Haji! Tuhfa! Praxeda!" Sauti yake ilifika hadi jikoni kwangu. "Mie Mwatum ndiye niliyewafundisha mstari wa kati. Barabara ile haipo tena. Nimekosa, wanangu. Njooni kushoto."

Alitaja majina yote arobaini, mtaa kwa mtaa, hadi sauti ikamkauka. Wanawake walitoka na baiskeli zao, wengine wanalia. Mimi nilitoka na mikono ya unga.

Mlangoni kwa Saleha alishuka bila kipaza sauti.

"Wewe nilikuchelewa, mwanangu. Nisamehe."

Saleha akachechemea hadi ukutani, akaitoa baiskeli, akaipangusa vumbi kwa kanga.

"Basi nishikie kiti, Somo."

Wakaenda ukingoni kabisa mwa lami, mkono wa kushoto, mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukifuata tu. Niliwafuata nyuma hadi Nguvumali. Safari hii Somo hakuachia.