Mashua ya Mzungu na Mafuta ya Papa

Mwenzenu siku hizi nikisikia paka analia, nashtuka. Mzungu mmoja aliniachia mashua yake ya zamani ya mashindano hapa kijijini Msuka, mbao tupu, inang'aa kama kioo. "Itunze kama yako," akasema, "mnunuzi yuaja." Basi sikutulia. Kwetu chombo cha mbao hupakwa mafuta ya papa kisiliwe na wadudu. Nikaipaka ndani na nje, mpaka viti!

Mnunuzi akaja na suruali nyeupe, akakaa. Alipoinuka, ana doa na uvundo. Akakataa kununua.

"Nani kafanya hivi?" Mzungu akafoka.

Nikaficha mikono nyuma, nikapaza sauti kumshinda yeye: "Ee, nani huyo asiye na haya?"

Paka wa jirani akanijia moja kwa moja, akaanza kuniramba miguu.