Kichuguu cha Vioo

Kitheka alikulia Ikutha akichunga mbuzi, na huko mchungaji akibanwa na haja alikwenda nyuma ya kichuguu. Mwaka wa tisini na sita, akiwa soja mzee Nairobi, alipewa lindo kwenye jengo refu la ofisi lililoiga kichuguu: hewa iliingia kwa matundu ya chini, upande wa nyuma, ikapanda yenyewe hadi juu bila mashine. Wageni walilisifu mpaka basi. Kitheka alitema mate. Vyoo vyote vilikuwa na kufuli, na funguo walikuwa nazo mabosi. Masoja na wafagiaji waliambiwa, "Nyinyi tafuteni pa kwenda."

Hata mchwa hawafanyiani hivyo! Basi wakapatafuta, wakapapata nyuma ya jengo, penye yale matundu.

Jua la Februari lilipowaka, meneja alishuka mbio, leso puani. "Mzee, harufu gani hii imejaa ofisini kwangu?"

Kitheka alimtazama kama anayetazama funza kwenye nyama.

"Ni jengo lako linapumua, bosi. Mliiga kichuguu, lakini hamkuuliza watu huenda kufanya nini nyuma yake."