Dohani ya Mwanangu Gabrieli

Mwanangu Gabrieli ni fundi wa nyumba hapa Bigwa, na tangu utotoni hawezi kuona kitu kwa watu asikitake kwetu. Mwaka ule Wajerumani walipofikisha reli mjini, aliitwa Mkuyuni kumjengea mkulima mmoja wa Kiingereza nyumba kama za kijijini kwao. Alirudi anacheka.

"Mama, kumbe nao wanakandika udongo kwenye fito! Wanaezeka nyasi! Ila nguzo wanaziacha nje kama mbavu za mbwa, madirisha yamejificha chini ya upenu, na moshi una mlango wake."

Mlango huo wa moshi ndio dohani. Kabla sijamjibu alikwisha toboa paa la jiko langu, akasimamisha mnara wa mawe na udongo.

Nilipowasha moto mara ya kwanza, jirani yangu Chausiku alikuja mbio na mtungi wa maji. Alipoona hapaungui kitu, akakaa chini kwa kicheko.

"Mama Gabrieli, nyumba yako inavuta kiko!"

Watu wakamiminika kutazama. Mimi nilitazama makombamoyo ya paa, yalikoning'inia mahindi ya mbegu, tegemeo letu la mwaka ujao. Moshi ndio uliokuwa ukiyalinda, na sasa ulikuwa unapita zake juu. Nikamwambia mwanangu.

"Mama, wewe hata jua likichomoza una wasiwasi," Gabrieli akasema.

Mvua zilipokaribia, vumbi jeupe likaanza kudondokea ugali. Fukusi wanatoboa mahindi! Nikachukua ungo mkuukuu, nikapanda ngazi na umri wangu huu, nikaifunika dohani na kuweka jiwe juu.

Gabrieli akatokea na wageni wa kuonyeshwa. Moshi ukawapokea mlangoni.

"Nani kaziba dohani yangu?" akauliza, anakohoa.

"Mimi," nikajibu kutoka juu ya paa.

"Mama! Shuka, utavunjika!"

"Pukuchua hindi moja kwanza."

Akapukuchua. Unga ukammwagikia miguuni, na fukusi wawili wakatembea kiganjani mwake. Akapanda ngazi, nami nikaushika ungo wangu kwa mikono miwili.

"Umeuweka vibaya, mama. Upepo wa mlimani utauchukua."

Akaufunga kwa kamba za mgomba, akakandika udongo pembeni. Mbegu iliyosalia ilitosha shamba la bondeni.

"Kiko kimezimika?" Chausiku akapiga kelele kutoka kwake.

"Tumbaku imeisha, mama mdogo!" Gabrieli akajibu.